Lincoln upande wa mwenye watumwa: kesi ya Jane Bryant, Charleston, 1847

Mwezi Oktoba 1847, katika mji mdogo wa Charleston, jimbo la Illinois, mama mmoja na watoto wake wanne walitolewa gerezani wakafikishwa mbele ya majaji. Walikuwa wamefungwa siku 48. Hawakuiba, hawakumpiga mtu, wala hakuna aliyedai kwamba walifanya hivyo. Watoto walianzia binti wa miaka kumi na kitu hadi kitoto kisichofika miaka mitano. Sherifu alikuwa akipiga hesabu ya kuwalisha na kuwalinda kwa senti 37 kwa kichwa kwa siku, na kichwa cha kile kitoto kilihesabiwa kama cha mama yake.

Mama huyo aliitwa Jane Bryant. Aliyetaka arudishiwe "mali" yake ni Robert Matson, mwenye shamba kutoka Kentucky. Na mmoja wa mawakili wawili waliosimama upande wa Matson alikuwa Abraham Lincoln, rais wa baadaye aliyekuja kutangaza uhuru wa watumwa, wakati huo umri wake miaka 38, mbunge mteule ambaye wiki chache baadaye angefunga safari kwenda Washington kuanza kazi ya ubunge.

Mtu akisikia habari hii mara ya kwanza hudhani ni uzushi wa kumchafua marehemu. Si uzushi. Walioikubali, nao, wengi wao hukimbilia kumtafutia udhuru: alikuwa kazini, wakili hachagui mteja, na hata hivyo alijikongoja makusudi ili ashindwe. Nadhani udhuru wa namna hiyo unaharibu kisa kizuri. Tukifuate kilivyokwenda.

Matson alitoka kaunti ya Bourbon, Kentucky, jimbo la watumwa. Alinunua ardhi kaunti ya Coles, Illinois, akaanzisha shamba lililoitwa Black Grove. Tatizo lake lilikuwa moja: Illinois haikuwa jimbo la watumwa. Sheria ya mwaka 1787 iliyoyaunda maeneo ya kaskazini ya mto Ohio ilipiga marufuku utumwa, na katiba ya jimbo ya 1818 ikafuata njia hiyo, ingawa kwa kigugumizi na mianya mingi. Mwenye mtumwa akimhamishia Illinois akae huko, mtumwa anakuwa huru. Akimpitisha tu, hilo ni jambo jingine.

Matson akaupenda huo mwanya wa kupita. Kila msimu wa kilimo alileta watumwa kutoka Kentucky, wakalima, wakavuna, kisha akawarudisha kwao. Mwaka uliofuata akaleta wengine. Kwa hesabu yake hakuna hata mmoja aliyekuwa mkazi wa Illinois, wote wasafiri. Ni ujanja wa yule anayevuka mpaka asubuhi kugongesha pasipoti, jioni amerudi dukani kwake, na kwenye karatasi ni mtalii miaka kumi.

Lakini shamba haliendeshwi na wasafiri watupu. Lazima abaki mtu anayejua maji yako wapi na ng'ombe yupi mkorofi. Huyo alikuwa Anthony Bryant, nyapara wa Black Grove. Anthony alibaki Illinois mwaka baada ya mwaka, na kwa kubaki huko akawa mtu huru kisheria, bila hati wala sherehe. Alikuwa muumini wa Methodisti mwenye ruhusa ya kuhubiri, na Biblia aliisoma kwa kuungaunga herufi. Mwaka 1845 Matson alimleta mke wa Anthony, Jane, pamoja na watoto. Mavuno yalipokwisha safari hiyo hakuwarudisha Kentucky. Labda ilikuwa uvivu, labda alizoea kutoulizwa. Miaka miwili ikapita.

Kilicholipua mambo ni ugomvi wa nyumbani. Matson aliishi na mwanamke aliyeitwa Mary Corbin, mtunza nyumba wake na, kama majirani walivyojua, zaidi ya hapo. Mwaka 1847 Mary Corbin alimkasirikia Jane, akamwambia wazi kwamba yeye na wanawe watarudishwa Kentucky na kuuzwa Kusini, kwenye mashamba ya pamba. Hiyo haikuwa lugha ya matusi tu. Kuuzwa Kusini kulikuwa ndiko kupotea: huendi tena kumtembelea mtu, barua hazifiki, na watoto wanagawanywa kwa wanunuzi tofauti.

Anthony aliondoka kwenda mji wa jirani, uliokuwa ukiitwa Independence na leo unaitwa Oakland. Huko kulikuwa na watu wawili waliojulikana kuuchukia utumwa: Gideon Ashmore, mwenye nyumba ya wageni, na Hiram Rutherford, daktari kijana aliyetoka Pennsylvania. Wakamwambia alete familia. Jane na watoto wanne wakahifadhiwa kwa Ashmore. Kesi nzima iliyokuja kuwakutanisha wanasheria wakubwa wa jimbo ilianza kwa uamuzi huo wa Anthony. Napenda hili likumbukwe, kwa sababu vitabu vingi humtaja mstari mmoja kisha vikahamia kwa Lincoln.

Matson alijaribu kwanza kuwabembeleza warudi. Alipokwama akaajiri wakili Usher Linder, mtu aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa Illinois, msemaji hodari na mtetezi wa wenye watumwa. Shauri likaenda kwa hakimu wa eneo, William Gilman. Gilman alijikuta kwenye kona. Kuamua kama Jane ni huru au mtumwa kulikuwa nje ya mamlaka yake. Lakini Illinois, jimbo hilohilo "huru", lilikuwa na sheria za kuwabana watu weusi: asiye na hati ya kuonyesha uhuru wake alihesabiwa mtoro, afungwe, atangazwe, na asipojitokeza anayemmiliki akodishwe kwa kazi. Jane hakuwa na hati. Angeipata wapi? Basi akapelekwa jela ya Charleston pamoja na watoto. Ndiyo siku 48 nilizoanza nazo.

Matson naye hakukaa kimya. Aliwashtaki Rutherford na Ashmore kwa kuwaficha watumwa wake, na madai dhidi ya Rutherford yalikuwa dola 2,500, yaani dola 500 kwa kila mmoja wa wale watano. Kwa daktari wa kijijini wa wakati ule, hiyo ilikuwa hukumu ya kufilisiwa.

Tunafika sasa mahali ninapopapenda kuliko pote katika kisa hiki. Tunapajua kwa kumbukumbu za Rutherford mwenyewe, aliyesimulia akiwa mzee. Alifika Charleston kutafuta wakili na mtu aliyemtaka alikuwa Lincoln, waliyefahamiana. Alimkuta kwenye baraza ya hoteli, kiti amekiegemeza kwenye nguzo ya mbao, anapiga soga na watu, anawachekesha kama kawaida yake. Rutherford akamsubiri amalize kisa, akamwita pembeni, akamweleza shida yake yote. Anasema kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Lincoln ulivyobadilika. Akanyamaza, akatazama mbali, akatikisa kichwa. Kisha akamwambia kwamba hawezi kumtetea, kwa kuwa upande wa Matson umekwisha kumfuata kwa ushauri naye amejifunga kwao, isipokuwa wamfungue.

Rutherford alichukia na hakuficha. Baadaye siku hiyo Lincoln alimtumia ujumbe kwamba anajaribu kujitoa, kisha ujumbe mwingine kwamba sasa anaweza kumtetea. Daktari alikuwa amekwisha kununa. Akamkodi wakili mwingine, Charles Constable, na Lincoln akabaki kwa Matson.

Msomaji akitaka kumsafisha Lincoln, silaha yake ni hii: alijaribu kutoka. Akitaka kumshitaki, silaha yake ni hiyohiyo: kama angeweza kutoka kwa ajili ya mteja mwingine, angeweza pia kutoka na kwenda nyumbani. Au kutokuingia kabisa. Illinois ya 1847 haikuwa na kanuni iliyomlazimisha wakili kupokea kila anayebisha hodi. Aliyepokea kazi ya Matson aliipokea kwa hiari.

Mahakama ilikaa tarehe 16 Oktoba. Uzito wa shauri ulionekana kwa waliokaa kitini: William Wilson, jaji mkuu wa Illinois, na pembeni yake Samuel Treat, jaji wa mahakama kuu ya jimbo. Ashmore alikuwa ameomba amri ya habeas corpus, yaani anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji aeleze anamshikilia kwa haki gani. Upande wa Jane walisimama Orlando Ficklin, mbunge wa chama cha Democrat, na Constable, mtu wa Whig, chama kilichoshindana na Democrat wakati ule. Upande wa Matson walikuwa Linder na Lincoln, ambaye naye alikuwa Whig. Vyama havikuwapanga watu kama tunavyodhani leo.

Linder alikwenda na hoja pana: katiba ya Marekani inalinda mali, mtumwa ni mali, basi. Lincoln hakuigusa. Alipunguza shauri hadi likabaki swali moja, na kwa maelezo ya Ficklin alianza kwa kukubali waziwazi jambo lililokuwa zuri kwa wapinzani: kama Matson aliwaleta hawa watu Illinois wakae na kufanya kazi moja kwa moja, basi wako huru. Kilichobaki ni nia. Je, aliwaleta wakae, au wapite?

Kwa wakili, hiyo ndiyo hoja pekee iliyokuwa na miguu. Mwaka 1843 mahakama kuu ya Illinois ilikuwa imeamua, katika kesi ya mtu aliyeitwa Willard, kwamba mwenye mtumwa anayepita Illinois hapotezi haki yake kwa kupita tu. Lincoln alihitaji kumwingiza Jane ndani ya kesi ya Willard. Ushahidi aliokuwa nao ni kwamba Matson, kila alipoleta watumwa, alitangaza mbele ya shahidi kwamba hawaleti kukaa. Tangazo hilo linaniambia zaidi kuhusu Matson kuliko kuhusu nia yake. Mtu anayepita njia hahitaji shahidi wa kuthibitisha kwamba anapita.

Upande wa pili Constable alipanda juu sana. Alikariri maneno ya John Philpot Curran, wakili wa Ireland wa mwishoni mwa karne ya 18, kuhusu mtumwa ambaye minyororo yake inaanguka mara tu anapokanyaga ardhi ya Uingereza. Ukumbi ulipenda, bila shaka. Lakini sidhani hayo ndiyo yaliyoamua kesi. Iliamuliwa na kalenda. Aliyekaa miaka miwili, akapika, akafua, akalea, mumewe akiwa nyapara wa kudumu hapohapo, hawezi kuitwa msafiri. Majaji waliona hivyo. Wakaamuru Jane na watoto waachiwe, wawe huru na utumwa wa Matson na wa mtu mwingine yeyote, tangu siku ile na kuendelea.

Matson aliondoka kaunti ya Coles haraka, akaelekea Kentucky. Ada ya Lincoln hakulipa.

Je, Lincoln alijikongoja makusudi? Wapo waliosema baadaye kwamba hotuba yake siku ile ilipoa, haikuwa na makali yake ya kawaida. Tuangalie lini walisema. Rutherford, Ficklin na wenzao walisimulia wakati Lincoln amekwisha kuwa rais aliyeuawa, mtu wa kutundikwa picha ukutani. Mzee anayemkumbuka shujaa wake akitetea utumwa atakumbuka pia kwamba shujaa hakuwa na raha. Huenda ni kweli. Lakini hoja yenyewe, ukiipima kwa macho ya sheria, haikuwa ya mtu anayetaka kushindwa. Aliacha kelele za Linder, akashika kesi ya karibuni ya mahakama kuu, akaweka mzigo wote kwenye kamba pekee iliyoweza kuubeba. Wakili mzuri mwenye ushahidi mbovu hufanya hivyo hasa. Na kukubali mapema lile usiloweza kulikataa lilikuwa tabia yake kortini, kwa wateja wema na wabaya.

Ukiutazama uwakili wake wote, Matson hashangazi sana. Lincoln alipata leseni mwaka 1836, akafanya kazi na John Todd Stuart, halafu Stephen Logan, na kuanzia 1844 na William Herndon. Walishughulikia madeni, mipaka, talaka, kashfa, nguruwe waliokula mahindi ya watu. Kampuni ya reli ya Illinois Central aliitetea kisha akaishtaki kudai ada yake ya dola 5,000. Kuhusu watumwa pia alisimama pande zote mbili. Mwaka 1841, katika kesi ya Bailey na Cromwell, alishinda mbele ya mahakama kuu ya jimbo kwa hoja kwamba msichana aliyeitwa Nance hakuweza kuuzwa, kwa kuwa Illinois kila mtu huchukuliwa ni huru mpaka ithibitishwe vingine. Miaka sita baadaye Jane Bryant alifungwa jela kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuthibitisha uhuru wake, na mshindi wa kesi ya Nance alikuwa ameketi upande wa aliyemfunga.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kazi haikugusa moyo wake. Naona moyo wenyewe ulikuwa bado haujafika. Kuna barua mbili zinazonionyesha hivyo. Septemba 1841, alipokuwa akirudi kutoka Louisville kwa meli ya mvuke, Lincoln aliona watumwa 12 wanapelekwa Kusini, wamefungwa sita sita kwa mnyororo mmoja, akawafananisha na samaki waliotungwa kwenye mshipi wenye ndoano nyingi. Alimwandikia Mary Speed habari hiyo, na alichoshangaa ni jinsi walivyokuwa wachangamfu. Mmoja wao, aliyeuzwa kwa kosa la kumpenda mno mkewe, alikuwa akipiga fidla karibu muda wote. Kijana wa miaka 32 aliona jambo la kutafakari kuhusu furaha ya binadamu. Agosti 1855 alimwandikia ndugu wa Mary, rafiki yake Joshua Speed, ambaye walikuwa pamoja kwenye meli ile. Safari ni ileile na minyororo ileile. Fidla haimo tena. Sasa anasema kwamba kumbukumbu ile imekuwa ikimtesa wakati wote, na kwamba kila anapogusa mto Ohio anaona kitu kama hicho.

Kesi ya Matson imekaa katikati ya barua hizo mbili, karibu sawa na kati. Aliyeingia mahakamani Charleston alikuwa tayari ametia sahihi, mwaka 1837 akiwa na Dan Stone katika bunge la jimbo, tamko kwamba utumwa umejengwa juu ya dhuluma na sera mbaya. Alilijua hilo kama kanuni. Mpiga fidla aliyeuzwa kwa kumpenda mkewe alikuwa bado kioja cha safari. Na nyapara Anthony, aliyehangaika kwa ajili ya mkewe, alikuwa upande wa pili wa jalada. Januari 1849, akiwa bungeni, Lincoln alitangaza mpango wa kuuondoa utumwa wilaya ya Washington polepole, wenyeji wakipiga kura na wenye watumwa wakilipwa fidia. Bado ni mawazo ya mwanasheria anayegawa hasara kwa haki baina ya wadai.

Familia ya Bryant haikubaki Illinois. Watu walichanga fedha na wakasafirishwa Liberia, kama wengi walioambiwa kwamba Marekani weusi huru hawana mahali. Mchungaji wa Kibaptisti kutoka Illinois, S. S. Ball, aliyetumwa kuiangalia nchi hiyo mwaka 1848, aliwakuta katika hali ya ufukara na wanatamani kurudi. Uhuru uliopatikana mahakamani uliishia ng'ambo ya bahari, kwenye nchi ambayo hawakuwahi kuiona.

Charleston ilikutana na Lincoln tena. Tarehe 18 Septemba 1858, mbele ya maelfu ya watu, alifanya hapo mdahalo wa nne na Stephen Douglas, mpinzani wake katika kugombea useneta, maili chache kutoka shamba la mama yake wa kambo. Alifungua kwa kusema kwamba hataki, na hajawahi kutaka, weusi wapige kura, wakae kwenye baraza la wazee wa mahakama, washike vyeo wala waoane na weupe. Baadaye, Douglas alipomtuhumu kwamba alipokuwa mbunge aliwanyima mahitaji askari waliokuwa vitani Mexico, Lincoln aligeuka nyuma, akamshika Orlando Ficklin kwenye ukosi wa koti, akamvuta mbele ya jukwaa atoe ushahidi, kwa kuwa walikuwa bunge moja. Watu wakacheka. Ficklin alisema anachokumbuka kuhusu kura ya vita vya Mexico, akarudi kukaa. Wanaume wawili waliogombania uhuru wa Jane Bryant katika mji huohuo walikuwa wamesimama bega kwa bega, na jina lake halikutajwa.